Je, Kidonda Kitarudi?

Mjomba wangu, ndugu wa kuzaliwa tumbo moja na mama yangu, alikuwa na kovu refu lililoshuka kutoka chini ya kidari mpaka karibu na kitovu, na sisi watoto wa dada yake, kila alipovua kanzu yake ili aoge, tulikuwa tukilitazama kwa hofu na heshima, kama watu watazamavyo alama ya vita. Alipasuliwa katika miaka ya 1970, baada ya muda mrefu wa maumivu yaliyokuwa yakimwamsha usiku wa manane na kumlazimisha kutafuta kipande cha muhogo au mkate mkavu, maana akila yalitulia, na tumbo likiwa tupu yalirejea. Matabibu walimkata mishipa ya fahamu iendayo tumboni, wakaunganisha mfuko wake wa chakula na utumbo, wakamshona, na siku ya kumruhusu kwenda nyumbani yeye alimwuliza tabibu wake swali moja tu: "Je, kitarudi?" Tabibu, ambaye alikuwa mtu mkweli, akamjibu, "Aghalabu hakirudi." Neno hilo aghalabu lilikaa katika nafsi ya mjomba wangu kwa miaka tisa kama mgeni asiyeaga, na katika mwaka wa kumi kidonda kikarudi.

Swali lake halikuwa la mtu mmoja. Kwa muda wa miaka arobaini, tangu siku za vita kuu ya pili mpaka miaka ya 1980, lilikuwa miongoni mwa maswali yaliyowashughulisha sana wapasuaji wa Ulaya na Marekani: katika watu mia waliopasuliwa kwa njia moja, ni yupi atakayepona daima, na ni yupi atakayerudi mlangoni amekunja mikono tumboni? Walilitumia swali hili akili nyingi na subira nyingi, na taarikhi ya juhudi yao nataka kuieleza hapa kwa urefu kidogo, si kwa kuwa ni ya kale, bali kwa kuwa kosa lililokuwa ndani yake lingali linaishi katika zahanati zetu, na kila mwaka lina wagonjwa wake.

Msingi wa fikira zao ulikuwa tindikali. Mwaka 1910 Karl Schwarz, tabibu wa mji wa Zagreb, alitangaza kanuni ambayo vizazi vya wanafunzi wa utabibu viliikariri baada yake, kwamba mahali pasipo na tindikali hapana kidonda. Na kabla ya hapo Ivan Pavlov wa St. Petersburg, aliyetunukiwa nishani ya Nobel mwaka 1904, alikuwa amekwisha kuonyesha kwa mbwa wake kwamba amri ya kutoa tindikali hutoka katika ubongo na kushuka kwa mshipa mrefu wa fahamu uitwao vegasi. Mbwa aliyetobolewa koo ili nyama anayoitafuna imtoke nje kabla haijafika tumboni, tumbo lake lilitoa maji makali kana kwamba limepokea chakula. Mshipa ulipokatwa, karamu ile ile haikuamsha kitu. Katika elimu hii ndimo alimotoka Lester Dragstedt wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye mwaka 1943 alimkata mgonjwa wa kidonda mishipa ya vegasi, akamwachia mfuko wake wa chakula mzima, ilhali desturi ya zama hizo ilikuwa kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wenyewe na kumwacha mtu amekonda, ana upungufu wa damu, na pengine kila amalizapo kula hutokwa na jasho na moyo ukamwenda mbio.

Lilikuwa jambo adhimu. Walakini vegasi haina kazi moja, na mshipa ule ule uamrishao tindikali ndio uamrishao lango la chini la mfuko kufunguka ili chakula kishuke. Ukikatwa shina zima, chakula hulala tumboni kikachacha. Kwa hiyo ikawa sharti mpasuaji alipanue lango lile au afungue njia ya pili kuingia katika utumbo, kama alivyofanyiwa mjomba wangu. Na hata baada ya kazi hiyo yote ilibainika kwamba kidonda huwarudia takriban mmoja katika kila kumi. Mmoja katika kumi si wengi ukiwatazama kutoka mbali. Kwa yule mmoja ni maisha yake.

Mwaka 1946 Franklin Hollander wa New York alileta kipimo ambacho, kwa uzuri wa fikira iliyomo, sijaona mfano wake katika ilimu ya tumbo. Mgonjwa aliyekwisha kupasuliwa hulala na njaa. Asubuhi hupitishwa mpira mwembamba puani mpaka ufike tumboni. Kisha huchomwa sindano ya insulini ya kutosha kushusha sukari ya damu hadi atokwe na jasho, atetemeke, na ashikwe na njaa kali. Ubongo, ukihisi kwamba sukari imekwisha, huliamuru tumbo litoe tindikali, na amri hiyo haina njia nyingine ila vegasi. Kila robo saa, kwa muda wa saa mbili, maji ya tumbo huvutwa na kupimwa. Ikiwa ukali wake umepanda kwa milimoli 20 kwa lita kuliko ulivyokuwa kabla ya sindano, basi ipo nyuzi ya mshipa iliyosalimika na kisu. Ikiwa haukupanda, kazi imetimia. Halikuwa jaribio lisilo na hatari, maana sukari ikishuka mno kwa mtu mwenye moyo dhaifu huweza kumwua, na kwa hivyo tabibu alikaa kando ya kitanda na sukari ya kudunga mkononi. Lakini tazama hekima yake: mwili uliulizwa swali ambalo hauwezi kulijibu kwa uongo.

Taabu ni kwamba kipimo kilijibu swali moja, nao watu wakalipokea jawabu kama la swali jingine. Kilisema kama mshipa umebaki. Wagonjwa, na matabibu wao, walitaka kujua kama kidonda kitarudi. Mambo hayo mawili ni ndugu, lakini si mtu mmoja, na kwa muda wa miaka mingi wapasuaji walijaribu kuyafanya mtu mmoja kwa kuongeza kanuni juu ya kanuni: wengine wakasema kwamba tindikali itokayo katika saa ya kwanza ndiyo ya kuogopwa na ya saa ya pili isiogopwe, wengine wakahesabu jumla ya tindikali badala ya ukali wake, wengine wakaacha insulini wakatumia dawa nyingine ya kulichochea tumbo litoe kadiri ya nguvu zake zote. Kila mara ilionekana kwamba waliorudiwa na kidonda, wakichukuliwa kwa jumla, walikuwa na tindikali nyingi kuliko wasiorudiwa. Na kila mara ilionekana vilevile kwamba makundi haya mawili yameingiliana kama maji ya mto na bahari, hata ukimchukua mtu mmoja peke yake huwezi kusema kwa yakini yumo katika lipi.

Nataka msomaji aone kwa nini, maana hapa ndipo penye fundisho, na hesabu yake haimhitaji mtu kuwa tabibu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba watu 100 wamepasuliwa na kwamba 10 kati yao watarudiwa. Tuseme tena kwamba tunacho kipimo kizuri, kinachowatambua 8 katika hao 10, ila kinawashuku pia watu 30 miongoni mwa 90 ambao hawatarudiwa kamwe. Waliotiwa alama watakuwa 38, na wenye kustahiki alama hiyo ni 8 tu; basi tabibu atakayemwambia kila mwenye alama kwamba kidonda chake kitarudi atakuwa amekosea karibu mara nne katika kila tano, na amewatia hofu watu 30 wasiokuwa na jambo. Kwa upande wa pili, wale 62 waliopewa amani, 60 wamepewa kwa haki, na wawili wameruhusiwa kwenda nyumbani na amani ya uongo. Ndiyo maana sikupata kumlaumu tabibu wa mjomba wangu. Neno lake aghalabu, alilolisema pasipo sindano wala mpira, lilikuwa kweli kwa watu tisa katika kila kumi. Na vipimo vya wakati ule havikuweza kumpa neno bora zaidi la kumwambia yule wa kumi.

Mwaka 1970 wapasuaji wa Leeds, akiwamo David Johnston, na wale wa Copenhagen, akiwamo Erik Amdrup, walitoa habari za njia mpya iliyo laini kuliko zote, ya kukata matawi yale tu yaendayo kwenye seli za tindikali na kuyaacha matawi ya lango, hata chakula kikashuka chenyewe bila ya kufunguliwa njia ya pili. Katika maelfu ya watu waliofanyiwa hivyo, waliokufa kwa ajili ya upasuaji walikuwa takriban watatu tu katika kila elfu. Lakini kazi hii ilikuwa ya mkono mwepesi na jicho kali. Matawi ni mengi, mengine yamejificha. Giuseppe Grassi wa Roma alieleza tawi moja dogo lipitalo nyuma, na kwa kuwa aghalabu lilimponyoka mpasuaji na baadaye likaleta kidonda, likaitwa mshipa mhalifu. Ikadhihirika kwamba katika mikono ya mpasuaji mmoja kidonda kiliwarudia wachache tu katika kila mia, na katika mikono ya mwingine, kwa njia ile ile na kwa jina lile lile la upasuaji, kiliwarudia zaidi ya 20. Hata kipimo cha insulini kiligeuka kadiri ya miaka: mtu aliyepimwa wiki moja baada ya kisu hakuonyesha kitu, na akipimwa tena baada ya mwaka alionyesha, ilhali anakula na kulala vizuri.

Kwa hiyo dalili kubwa kuliko zote, ambayo hapana maabara iliyopewa kazi ya kuipima, ilikuwa ni mkono wa aliyeshika kisu. Jambo hili naliona zito. Mgonjwa alipitishwa mpira puani, akadungwa, akatokwa na jasho, akahesabiwa tindikali yake tone kwa tone, kana kwamba siri yote imo ndani yake, na huku sehemu kubwa ya siri ilikuwa upande wa pili wa meza.

Na wakati mwingine kurudi kwa kidonda kulikuwa mwalimu. Robert Zollinger na Edwin Ellison, wapasuaji wa Columbus katika Ohio, walikuwa na wagonjwa wawili ambao kila walipokatwa tumbo kidonda kiliota upya, tena ndani ya utumbo, mahali ambapo vidonda si kawaida yake kukaa. Wangeweza kusema kwamba tumbo halikukatwa vya kutosha. Wao wakauliza ni nani anayeliamuru, na mwaka 1955 wakaandika kwamba amri ilitoka katika uvimbe wa kongosho, uliokuwa ukimimina katika damu kichocheo cha tindikali pasipo kupita kwa vegasi hata kidogo. Maradhi hayo ni ya nadra na yana majina yao hata leo. Nimeyataja kwa sababu ya namna walivyouliza.

Dawa zikaja. James Black, huko Uingereza, aliongoza kazi iliyozaa simetidini, dawa ya kuzuia tindikali iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, na vyumba vya upasuaji vikaanza kuwa vitupu. Kidonda kilifunga kwa wiki chache bila ya kisu. Mgonjwa alipoacha vidonge, aghalabu kabla ya mwaka kwisha, kidonda kilirudi. Ilikuwa ni hadithi ile ile ya vegasi kwa chombo kingine: tindikali ilizuiwa, maradhi yakangoja.

Huko Perth, katika Australia ya magharibi, Robin Warren alikuwa tangu mwaka 1979 akiona kwa hadubini vijidudu vilivyopinda vimejibandika kwenye utando wa tumbo, mahali ambapo wote waliamini kwamba hapana kiumbe kinachoweza kuishi kwa ukali wa tindikali. Barry Marshall akaungana naye, na mwaka 1982, baada ya majaribio mengi yaliyoshindwa, sahani za maabara zilizoachwa siku nyingi kuliko desturi kwa sababu ya sikukuu ya Pasaka zikaota bakteria ambayo leo twaiita Helikobakta pilori. Marshall aliinywa mwenyewe mwaka 1984, akaugua uvimbe wa tumbo, na mwaka 2005 wote wawili wakapewa nishani ya Nobel. Habari hizi zimesimuliwa mara nyingi. Iliyosimuliwa kidogo ni ile ya mwaka 1988, pale Marshall, Warren na wenzao walipowafuata wagonjwa wa vidonda kwa muda wa mwaka mmoja baada ya kuwatibu: walioendelea kuwa na bakteria, kidonda kiliwarudia 84 katika kila 100 ya waliopona, walioondokewa nayo, 21.

Linganisha namba hizo na vipimo vya insulini, na utaona ni tofauti gani iliyoko baina ya kupima kile ambacho mkono wetu umekizoea na kupima kile kinachotenda. Na hapa pana jambo ambalo lataka uangalifu. Bakteria hii huingia katika mwili aghalabu utotoni, katika nyumba za watu wengi na maji haba, na katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki watu wazima walio wengi wanayo, na walio wengi kati yao hawatapata kidonda mpaka siku ya kufa. Kwa mtu asiye na kidonda, basi, kuiona bakteria si kutabiri kitu kikubwa. Kwa mtu ambaye kidonda kimekwisha kumpata, kuiona ingali ipo baada ya matibabu ni karibu kuona kidonda kijacho. Kipimo ni kile kile; aliyepimwa ndiye aliyebadilika, na kwa hivyo maana ya jawabu imebadilika naye.

Sisemi kwamba bakteria ndiyo sababu ya kila marejeo ya zamani. Wamo waliorudiwa kwa sababu tawi liliachwa, wamo waliorudiwa kwa dawa za maumivu, wamo wenye uvimbe wa kongosho, na wapo walioonekana na kidonda kipya hali hawana bakteria yoyote. Mjomba wangu mwenyewe sijui alikuwa wa kundi lipi alipougua mara ya pili, kwa kuwa mwaka ule hapana aliyejua cha kumpima.

Sasa nije nyumbani. Katika nyanda za juu zilizoko baina ya maji ya Naili na ya Kongo, na katika kaskazini ya Tanzania, matabibu waliandika tangu zamani kwamba vidonda vya utumbo wa mwanzo ni vingi, na hospitali za misheni zilikata vegasi na kufungua njia ya pili kwa maelfu ya wakulima waliofika wamebebwa. Siku hizi upasuaji ule umekuwa haba. Kilichobaki, nacho si haba, ni kidonda kilichotoboka: mtu, aghalabu kijana, hushikwa na maumivu kama ya kisu, tumbo hukakamaa kama ubao, akafikishwa hospitali yaliyomo tumboni yamekwisha kumwagika ndani. Wapasuaji wa Bugando, Mwanza, walipochapisha mwaka 2011 habari za wagonjwa wao 84 wa namna hiyo, walieleza kwamba wengi wao hawakuwa wamewahi kutibiwa kidonda kabla ya siku ile. Siku ya kutoboka ndiyo iliyokuwa ya kwanza kujulikana.

Mpasuaji hufanya lililo haki: huosha tumbo, huziba tundu kwa kipande cha ile shela ya mafuta ifunikayo matumbo, kama alivyoeleza Roscoe Graham wa Toronto mwaka 1937, hushona, na mtu huokoka. Upasuaji huu haupunguzi tindikali wala hauondoi bakteria. Ni kiraka, na kiraka kizuri. Swali la mjomba wangu lipo hapa tena, na safari hii jawabu lipo. Huko Hong Kong matabibu waliwagawa kwa kura wagonjwa wenye bakteria ambao vidonda vyao vilitoboka vikazibwa: sehemu moja ilipewa dawa ya kuua bakteria pamoja na ya tindikali, na sehemu ya pili ikapewa ya tindikali tu. Habari zao zilichapishwa mwaka 2000. Baada ya mwaka mmoja kidonda kilikuwa kimewarudia chini ya 5 katika kila 100 wa sehemu ya kwanza, na 38 katika kila 100 wa sehemu ya pili.

Na sisi, tukijua hayo, twamruhusu kijana wa Mwanza au wa Mombasa au wa Bujumbura kwenda kwao na karatasi iliyoandikwa tarehe ya kutolewa nyuzi na jina la kidonge cha tindikali, na mara nyingi hatumwambii kitu juu ya bakteria. Akibahatika kupimwa, mara nyingi hupimwa kwa kile kipande cha kupimia damu cha dakika kumi kipatikanacho katika kila zahanati ya mtaa. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili ulizitengeneza siku bakteria ilipoingia, na silaha hizo hukaa katika damu miezi na miaka baada ya adui kuuawa. Nimewaona watu waliomeza dawa zao zote, wakapimwa damu, wakaambiwa bado wanayo, wakapewa dawa zile zile mara ya pili na ya tatu, na kila mara wakalipa. Kipimo hicho chaweza kusema kwamba palikuwa na vita. Hakiwezi kusema kama vimekwisha. Ni sawa na kulitazama kovu la mjomba wangu na kutaka likueleze kama kidonda kimo ndani.

Kinachofaa kinajulikana, nacho si kigumu. Ni kipimo cha choo, ambacho hutafuta bakteria yenyewe, au kile cha kupuliza pumzi ambacho kinapatikana zaidi katika miji mikubwa. Hufanywa si chini ya wiki nne baada ya kumaliza dawa za kuua bakteria, na mgonjwa awe ameacha vidonge vya omeprazoli na jamii yake kwa wiki mbili, maana vidonge hivyo huificha bakteria pasipo kuiua. Wala kipimo cha pili si anasa. Dawa zenyewe, aghalabu aina mbili za kuua bakteria pamoja na moja ya tindikali, hunywewa kwa siku nyingi, zinachafua ulimi na kutibua tumbo, na maumivu hutulia kabla hazijakwisha. Basi wengi huziacha njiani, na hata wazimalizao si wote wanaopona, kwa sababu bakteria imekwisha kuzizoea baadhi ya dawa tuzinunuazo ovyo kwa kila mafua.

Ninalolitaka ni hili. Kipimo cha choo kihesabiwe kuwa sehemu ya upasuaji, kama kutolewa nyuzi kulivyo sehemu yake. Tarehe yake iandikwe katika karatasi ile ile, na gharama yake iingie katika bima ile ile inayolipa kisu. Hapana mpasuaji atakayemwacha mgonjwa aondoke na nyuzi mwilini bila ya kumwambia siku ya kurudi kuzitoa. Nyuzi zilizosahauliwa huwasha ngozi. Bakteria iliyosahauliwa hutoboa tumbo. Na wale waliopasuliwa zamani, wenye makovu kama ya mjomba wangu, wasidhani kwamba mambo yao yamekwisha na zama zao: wapimwe nao, wapimwe na damu, maana waliokatwa sehemu ya mfuko huishiwa nguvu za damu polepole bila ya kujua, na huzidi kuwa na haja ya kuangaliwa kwa kamera baada ya miaka kama 20.

Limebaki la dawa za maumivu, nalo ni fupi kwa maneno na kubwa kwa madhara. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huuzwa katika nchi zetu kama peremende. Mchukuzi wa sokoni humeza kwa mgongo, bibi humeza kwa magoti, na wote wawili humeza na tumbo tupu alfajiri, kwa miaka, hali hawajaambiwa kwamba dawa hizo huupunguzia utando wa tumbo ulinzi wake na kuweza kuleta kidonda hata kwa asiye na bakteria. Mtu aliyewahi kuwa na kidonda anapaswa kulitaja jambo hilo dukani kabla ya kutaja yanapomwuma, na muuza dawa anapaswa kumwuliza. Watu wetu huambiwa waache pilipili na mawazo. Sijamsikia mtu, siku nilizokaa katika mabenchi ya zahanati, akiambiwa aache diklofenaki.

Mjomba alipopita umri wa miaka sabini nilimpeleka kwa tabibu binti, mdogo kuliko wajukuu zake wa kwanza, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho, akalitazama kovu, akaagiza kipimo cha choo. Bakteria ilikuwamo. Alikunywa dawa zake siku zote alizoandikiwa, akinung'unika, na mkewe akimhesabia vidonge juu ya kisahani. Tukangoja muda uliotajwa, akapimwa tena, na jawabu likarudi kwamba haimo. Akalikunja lile karatasi, akalitia katika mfuko wa kanzu, kisha akamtazama binti yule na kumwuliza lile swali lake la miaka ya 1970, kwa maneno yale yale, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulizoea jawabu.

"Kama hutameza tena dawa za magoti bila ya kuniuliza, babu," akamjibu, "mimi sikungojei."

Aliishi miaka mingine minane, na kwa habari ya tumbo hakurudi.